Parachuti Iliyokataa Kufunguka Jumapili

Nina shahada mbili, na zote zilikuwa zimening'inia sebuleni kwangu siku niliyoandika barua iliyokaribia kumtoa kazini mwanamke asiye na kosa. Naanza na shahada kwa sababu bado nina hasira, na hasira yangu kila ikitafuta mahali pa kutua hutua hapo, kwenye fremu mbili za kioo nilizozipigilia misumari mwenyewe, moja ikiwa imeinama upande.

Nafundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana upande wa Nyamira, juu ya mlima uliovikwa majani chai mpaka kwenye ua wa shule. Mimi pia ni mlezi wa klabu ya sayansi, cheo kisicho na mshahara ambacho hupewa mwalimu aliyechelewa kufika mkutanoni. Muhula huo klabu iliingia mashindano ya kubuni roketi ndogo. Roketi zenyewe hazikuwa za kurushwa hewani. Injini ya baruti huipati dukani Kisii, na ukiiagiza kutoka mbali utakuwa na mengi ya kueleza kituo cha polisi. Kila kitu kilifanyika ndani ya kompyuta. Unaichora roketi kwenye programu, unaipa urefu, uzito, mapezi, injini na parachuti, kisha unabofya kitufe cha kurusha. Programu inapiga hesabu na kukuonyesha roketi ikipanda, ikipinda kileleni, ikifungua parachuti na kushuka polepole kama jani. Mwishoni unatuma faili, na waamuzi wanairusha wenyewe kwenye mashine zao.

Maabara ya kompyuta ilikuwa na mhudumu wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Nyamarambe, aliyepanga chumba nyuma ya shule. Serikali haikumwajiri. Aliajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mkataba ulipokaribia kuisha alianza kusalimia watu kwa sauti ya chini zaidi. Alikuwa Msabato wa kweli, shemasi katika kanisa lililo chini ya kituo cha kununulia majani chai. Ufunguo wa maabara ulikuwa mmoja, na ulikaa naye. Ijumaa saa kumi na moja jioni alifunga mlango, jua likiwa bado juu ya mlima, na hakuna aliyeingia tena mpaka Jumapili.

Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Ijumaa moja, siku ya kwanza roketi kuwa tayari, nilikuwa nimeirusha mara nne na mara zote nne imeshuka salama, na nilitaka kuirusha ya tano kwa raha tu. Akasimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Nipe dakika ishirini tu," nikamwambia.

"Mwalimu, jua halinipi mimi dakika ishirini."

"Jua litazama hata ukiwa humu ndani."

"Ndiyo. Ndiyo maana sitakuwa humu ndani."

"Kwani Mungu wako hajui kuna mashindano?"

"Anajua. Anajua pia ulikuwa na wiki nzima."

Mwalimu wa kilimo, aliyekuwa akipita kwenye ujia, akacheka kwa sauti. Nilifunga mkoba wangu nikatoka. Sikumjibu kitu, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu ni deni.

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya wazazi. Shuleni kwetu siku ya wazazi haiwi Jumamosi kamwe, kwa sababu nusu ya wazazi watakuwa kanisani, na haianzi Jumapili kabla ya saa saba, kwa sababu nusu nyingine nayo itakuwa kanisani. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba wageni wataonyeshwa roketi. Mhudumu alifungua maabara, akabeba ile kompyuta moja yenye nguvu mpaka ukumbini, akaiunganisha na projekta, akakaa nyuma. Mimi nilivaa koti. Nilitoa hotuba fupi kuhusu anga za juu, nikamtaja mwanadamu na ndoto yake, nikabofya.

Roketi ikapanda. Wazazi wakasema "Eeeh!" Ikafika kileleni, ikapinda, ikaanza kushuka, na parachuti haikufunguka. Ilikuja moja kwa moja, pua chini, ikajikita kwenye uwanja wa kuchora. Kwenye skrini kukatokea maandishi mekundu.

Mwenyekiti wa bodi, afisa mstaafu mwenye shamba kubwa la majani chai na sauti isiyohitaji kipaza sauti, akauliza, "Mwalimu, hii ni roketi ama ni jembe?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nikasema ni jambo dogo, nikabofya tena. Safari hii roketi haikuondoka kabisa. Saa ya programu ilihesabu sekunde, roketi imesimama tu kwenye fimbo yake ya kurushia.

"Imekataa kuamka," mtu akasema.

"Haijapewa chai!"

Nikabofya mara ya tatu. Ikapanda vizuri, ikafungua parachuti, ikashuka kwa adabu zote. Hakuna aliyepiga makofi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniharibia zaidi, kwa sababu kitu kilichoharibika kabisa unaweza kukielewa, lakini kitu kinachoharibika na kupona mbele ya watu kinaonekana kama kinachezewa.

Nikiwa nakunja nyaya, mzazi mmoja, mama muuza ndizi ambaye binti yake nilimfundisha, alinisogelea na kuniita kwa heshima ya kwetu, kama anavyoitwa baba. "Pole, tata. Hapo kuna mkono wa mtu. Wako watu hawapendi kuona watoto wa wengine wakienda juu."

Nilitabasamu kwa ule upole wa msomi anayewavumilia watu. Nimewahi kuandika makala gazetini nikikejeli tabia yetu hii. Huku kwetu ng'ombe akikauka maziwa, kuna aliyempita na jicho. Mtoto akianguka mtihani, kuna aliyezika kitu. Na usicheke sana, kwa sababu kuna vikongwe waliochomewa nyumba kwa sababu ya sentensi kama ile ya "mkono wa mtu". Niliyaandika hayo yote kwa lugha nzuri, nikasifiwa, nikabandika kipande cha gazeti kwenye ubao wa walimu.

Halafu nikaenda nyumbani nikakaa chini kutafuta mkono wa mtu.

Hoja yangu ilikuwa hivi. Roketi ni ile ile, faili ni lile lile, upepo niliouweka ni ule ule. Ijumaa imeruka mara nne bila kosa. Jumapili imeanguka. Kwa hiyo kati ya Ijumaa na Jumapili kuna aliyeigusa. Ufunguo anao mtu mmoja, na mtu huyo nilikosana naye mlangoni. Hoja hii, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angeniletea kwenye daftari, ningempa sifuri na kumwandikia kwa wino mwekundu: "Ulithibitisha lini kwamba lazima matokeo yawe sawa?" Lakini haikuwa kwenye daftari la mwanafunzi. Ilikuwa kichwani mwangu, nami nilikuwa nimechekwa na ukumbi mzima.

Jumatatu asubuhi niliandika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Niliipiga chapa. Niliandika kwamba "kati ya jioni ya Ijumaa na asubuhi ya Jumapili kompyuta ya klabu iliingiliwa kwa nia ya kuiaibisha shule", na kwamba "mwenye ufunguo pekee anafaa kueleza". Sikulitaja jina lake. Nilijiona muungwana sana kwa kutolitaja.

Saa nne alinijia kwenye chumba cha walimu. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Mwalimu, umeandika kwamba niliingia maabara Jumamosi?"

"Sikuandika Jumamosi. Nimeandika kati ya Ijumaa na Jumapili."

"Kati ya hizo kuna siku ngapi?"

Walimu wote wakawa wanasahihisha madaftari kwa bidii ambayo sijawahi kuiona tena.

Naapa sikuwa nimefikiria. Huo ndio ukweli na ndio ujinga wenyewe. Kwangu Jumamosi ni siku ya kufua na kulala mchana. Nilidhani nimemshtaki kwa kuharibu faili. Kumbe nilikuwa nimemshtaki, kwa barua yenye nakala, kwamba shemasi alivunja Sabato, akaingia ofisini siku takatifu, akawasha mashine na kufanya kazi ya hila. Faili ni kosa la kikazi. Hilo la pili ni utu wake wote.

"Kama hukuingia, sema hukuingia," nikamwambia, na nikilikumbuka neno hilo leo natamani kujipiga kofi.

"Mwenye kuuliza ndiye aliyepaswa kuuliza kabla ya kuandika," akasema, akaondoka.

Jioni hiyo nilikuwa Kisii kutafuta kebo ya projekta, nikapitia soko la Daraja Mbili kununua mboga. Yule mama wa ndizi alikuwa mahali pake, mbele ya rundo la ndizi za kupika. Aliponiona akafuta kigoda.

"Keti, tata. Ni ukweli hiyo maneno? Ati mama wa kompyuta alifungua ofisi siku ya Sabato?"

"Nani amekuambia?"

"Si ni wewe uliandika?"

Kutoka meza ya mwalimu mkuu mpaka soko la wilaya nyingine, barua ilitumia saa saba. Shule yetu huchukua wiki tatu kupeleka ombi la chaki. Jirani yake, muuza nguo za mitumba, akadakia bila kugeuka: "Hao ndio wanaokataza watu chai na kahawa. Kumbe wenyewe usiku wa Sabato wako kwa kompyuta."

"Haikuwa usiku," nikasema.

"Sasa ilikuwa saa ngapi?" akauliza, na akangoja kwa hamu, akidhani najua.

Sikuwa najua. Sikuwa najua chochote. Nilinunua ndizi nisizozihitaji nikaondoka nikiwa nimewakasirikia wote wawili, kana kwamba wao ndio waliopiga chapa.

Jumanne mchana, mhudumu akiwa amesimamishwa kazi mpaka kikao cha bodi cha Alhamisi, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo. Faili lilitakiwa kutumwa kesho yake. Nikajifungia maabara peke yangu, nikairusha roketi. Ikashuka salama. Nikairusha tena, bila kugusa kitu kingine chochote. Parachuti haikufunguka.

Nilitazama mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya chumba ila mimi na kompyuta kumi na moja, tisa kati yake zimekufa. Nikairusha mara ya tatu: salama. Ya nne: injini haikuwaka. Kabla sijajua sababu nilishajua kwamba sababu si yeye.

Nikaanza kufungua kila kidirisha cha programu, kimoja baada ya kingine, hata vile nisivyovijua. Kwenye menyu ya mipangilio, chini kabisa, kulikuwa na kidirisha kinachohusu hitilafu za nasibu. Juu yake kuna kisanduku cha tiki, na tiki imo. Chini yake kuna orodha: injini, parachuti, mapezi. Mbele ya kila moja kuna nafasi ya kujaza namba. Mbele ya injini kulikuwa na 20. Mbele ya parachuti, 30. Mbele ya mapezi, sifuri.

Maana yake ni rahisi na mtoto angeielewa. Ukikitia tiki kisanduku hicho, unaiambia programu: usinipe dunia safi. Kila nikirusha, piga kura ya bahati. Kwa kila safari mia, wastani wa ishirini injini isiwake, na thelathini parachuti isifunguke, na usinieleze mapema ni zipi. Waliotengeneza programu waliweka hilo kwa nia njema, ili mbunifu ajizoeze kwamba roketi sahihi kabisa inaweza kuanguka bila kosa la mtu, na ajiulize atafanya nini siku hiyo. Usipotaka, unaondoa tiki, na roketi yako inaruka vile vile kila mara mpaka mwisho wa dunia.

Nikachukua kalamu. Nafasi ya safari moja kuwa salama ni sabini kwa mia mara themanini kwa mia, yaani hamsini na sita kwa mia. Safari nne za Ijumaa kuwa salama mfululizo: kama mara moja kwa kumi. Muujiza haukuwa kuanguka Jumapili. Kilichohitaji maelezo, kama kuna kilichohitaji, kilikuwa Ijumaa yangu. Hii ndiyo mada ninayoifundisha kila mwaka, kwa sarafu na maharagwe ya rangi mbili ndani ya kopo.

Na nani alitia tiki? Hapo ndipo nilipolala kifudifudi juu ya meza. Namba thelathini niliifahamu. Parachuti yetu ilikuwa na upana wa sentimita thelathini. Injini tuliyochagua ilikuwa na uzito wa gramu ishirini. Mwanzoni mwa muhula, nikiijaza roketi kwa mara ya kwanza, nilikutana na kidirisha chenye neno "parachuti" na nafasi tupu mbele yake, nami nikafanya kile ambacho mwalimu wa Kenya amefunzwa kufanya tangu siku ya kuajiriwa: nikatia tiki, nikajaza. Fomu yenye nafasi wazi hurudishwa. Nimejaza fomu za uhamisho, za tathmini, za bima, nimejaza jina la babu na idadi ya meno, na sijawahi hata mara moja kusoma kichwa cha fomu. Mapezi nilijaza sifuri kwa sababu sikuwa nimeyapima bado. Sifuri, ili nafasi isibaki tupu.

Niliondoa tiki. Nikairusha mara kumi na mbili kwa hasira, na mara zote kumi na mbili ikashuka kama jani. Sijawahi kuchukia kitu kilichofanya kazi vizuri namna ile.

Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu na barua ya kuifuta ile ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili.

"Hii tusiipeleke," akasema.

"Kwa nini?"

"Mwalimu, nikiwaambia wazee wa bodi kwamba kompyuta ya shule hupiga kura yenyewe, watauliza tumenunua kompyuta ama mganga. Faili si limepona?"

"Limepona. Lakini yeye hakufanya kitu!"

"Mkataba wake unaisha hata hivyo. Wataona wenyewe." Akanirudishia karatasi. "Wewe nenda ukapumzike. Umeshinda na hiyo roketi sana."

Nilimwambia kwamba asipoipeleka nitaisimulia mwenyewe. Akanitazama kama ninavyowatazama wasichana wanaosema watakuwa marubani.

Alhamisi niliingia kwenye kikao cha bodi bila kualikwa, nikakubaliwa kwa sababu mimi ndiye mlalamishi. Mhudumu aliketi kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha. Nilieleza kila kitu: kisanduku, tiki, thelathini, ishirini. Nilitumia shilingi ya mezani kuonyesha kichwa na mkia. Niliporusha mara tatu ikatoka kichwa mara tatu, na mzee mmoja akasogeza kiti chake nyuma.

Mwenyekiti akakohoa. "Mwalimu, nimekusikia. Lakini mimi nimelima miaka mingi. Hakuna kitu kinachoharibika bila mkono."

"Mkono ni wangu, mwenyekiti. Mimi ndiye niliyeweka."

"Uliweka roketi yako ianguke mbele yetu?"

"Niliweka bila kujua."

"Mwenye shahada mbili?"

Watu wakacheka. Nilistahili. Kisha yule mzee aliyesogeza kiti akainua kidole. "Mimi nauliza tu. Jumatatu umemshtaki huyu mama. Leo Alhamisi unamtetea mpaka jasho linakutoka. Hapo katikati mmepatana nini?"

Damu ilinipanda mpaka sikuona dirisha. Nilifungua mdomo kusema neno ambalo lingenifukuza mimi pia. Mwakilishi wa wazazi, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, akaniwahi. "Wacheni huyo mtu. Kuku wangu akilalia mayai kumi, mawili huoza. Mimi nimewahi kumuuliza jirani?"

"Umewahi," mwenyekiti akasema. "Mimi ndiye niliyesikiliza hiyo kesi."

Chumba kizima kikacheka, mama mwenyewe akacheka mpaka akashika kifua, na kicheko hicho ndicho kilichookoa kikao. Waliamua kumwongezea mhudumu mkataba: si mwaka, bali muhula mmoja, "tukiangalia mwenendo wake". Niliuliza mwenendo wake una nini. Nikaambiwa kikao kimefungwa kwa maombi. Katibu wa bodi akaomba Mungu awalinde watoto wetu na maadui wanaoonekana na wasioonekana.

Nilimfuata mhudumu nje mpaka kwenye ukuta wa matangi ya maji.

"Nisamehe," nikasema. "Nimewaeleza."

"Nilikuwepo, nimesikia. Kazi nimepata, theluthi mbili imekatwa, asante." Alisema asante hiyo bila kejeli, na hilo likaniuma kuliko kejeli. "Kanisani wamenisimamisha ushemasi tangu Jumanne. Wanasema ningoje mpaka maneno yatulie."

"Si umewaambia hukuingia?"

"Mwalimu, mshtakiwa gani husema aliingia?" Akafunga vizuri mtandio wake. "Barua yako haikusomwa na mtu hata mmoja kule kwetu. Ilitembea kwa midomo. Kwa hiyo uje uitoe kwa mdomo. Jumamosi saa mbili, kabla ya Shule ya Sabato."

"Nitakuja na barua ya pili."

"Usije na barua tena!"

Jumamosi nilivaa lile koti. Nyuma ya kanisa kuna chumba kidogo cha wazee, chenye benchi mbili na viti vya plastiki vilivyopandana. Walikuwa watatu, naye mhudumu akasimama karibu na mlango. Mzee wa kwanza, mtu mpole mwenye mvi, aliniambia wazi: "Mwalimu, siku ya leo hatukai vikao. Lakini kumwondolea mtu aibu si kazi. Sema."

Nikasema. Safari hii sikurusha shilingi. Nilisema kwamba programu ina mahali pa kuifanya roketi ianguke mara moja moja bila sababu, kwamba mimi ndiye niliyepajaza kwa ujinga, na kwamba hakuna aliyeigusa kompyuta kati ya Ijumaa na Jumapili kwa sababu hapakuhitajika mtu wa kuigusa.

Mzee wa pili akauliza, kwa nia njema kabisa, "Lakini wewe Jumamosi hiyo hukuwa shuleni?"

"Nilikuwa nyumbani nimelala."

"Kwa hiyo huwezi kusema kwamba hakuingia. Unaweza kusema tu kwamba kama aliingia, hakuharibu."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya. Bahati haitoi ushahidi. Haiwezi kuitwa ikasimama mbele ya wazee ikasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimechukua jambo lisilo na mwenyewe nikalipa jina la mtu, na sasa nilipotaka kulirudisha kule lilikotoka, kule hakukuwa na mtu wa kulipokea.

"Basi nani anajua alikuwa wapi?" nikauliza.

Mzee mwenye mvi alitazama mikono yake.

"Alikuwa hapa," akasema mwishowe. "Tulikuwa na chakula cha pamoja baada ya ibada. Yeye ndiye aliyepakua."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua kuzama. Alibaki kuosha sufuria, lakini hiyo ilikuwa baada ya jua."

Nikawageukia hao wengine wawili. "Nanyi mlikuwepo?"

"Tulikuwepo," akasema wa pili. Wa tatu akaitikia kwa kichwa.

Sitaki kuficha kwamba nilipandisha sauti mahali patakatifu siku takatifu. Niliwauliza iweje watu wazima watatu wamemwona kwa macho yao tangu asubuhi hadi jioni, wamekula mboga za chinsaga kutoka mkononi mwake, halafu Jumanne wanamwondolea ushemasi kwa tuhuma kwamba saa zile zile alikuwa mahali pengine.

"Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema?"

"Mwalimu," mzee mwenye mvi akasema, naye sauti yake haikupanda, "wewe uliandika. Tulijua wewe ni msomi. Tukasema pengine kuna jambo mashine zinajua ambalo sisi hatukuliona."

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na ushirikina wao na sikuukuta. Nilikuta watu walioacha kuyaamini macho yao kwa sababu ya herufi zangu nyeusi zilizopangwa vizuri. Nikaketi kwenye benchi.

Mhudumu ndiye aliyezungumza. "Wazee, mimi naomba kitu kimoja. Itangazwe leo, watu wakiwa wamejaa. Isingoje."

Walinong'onezana, wakakubali. Aliponipita akitoka nje aliniambia, "Ukae uisikie," nami nikakaa, kwenye benchi ya nyuma kabisa, mtoto wa mtu akinikanyaga viatu. Walihubiri muda mrefu. Matangazo yalikuja karibu na saa sita. Karani wa kanisa alisimama na daftari, akasema kwaya ya vijana itakutana Jumapili saa tisa. Akasema kuna mwavuli mweusi uliosahauliwa wiki jana. Akasema dada yetu wa maabara, yale maneno yaliyosemwa juu yake yamechunguzwa na hayakuwa kweli, na anarudi katika huduma yake. Akasema wanaofanya usafi wiki ijayo ni wa mtaa wa juu.

Basi. Sentensi moja, katikati ya mwavuli na ufagio. Hakutaja barua, hakunitaja mimi, na mama wawili mbele yangu walikuwa wanamfunga mtoto mgongoni sentensi ilipopita, hawakuisikia. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Amesema nini ya maabara?" Mwenzake akapandisha mabega.

Nikainama katikati yao. "Amesema hayakuwa kweli," nikawaambia.

Wakageuka kunitazama, mgeni mwenye koti.

"Na wewe unajuaje?" akauliza wa kwanza.

"Kwa sababu ni mimi niliyeyasema."

Sikupunguza sauti. Vichwa vya benchi mbili mbele viligeuka, kisha vya benchi ya tatu, na mbele kabisa, kwenye safu ya mashemasi, mhudumu hakugeuka.